Yadi Mbili za Philadelphia: Msimu wa 1963 wa Chuo cha Wanamaji cha Annapolis

Timu ya futiboli ya Chuo cha Wanamaji cha Marekani, kilichopo mjini Annapolis, ilicheza mechi 11 katika msimu wa 1963. Ilishinda 9. Mbili ilizopoteza ilizipotezea katika uwanja mmoja, Cotton Bowl wa jijini Dallas: ya kwanza mwezi Oktoba, ya pili siku ya mwaka mpya. Kati ya vipigo hivyo viwili, katika jiji hilohilo, aliuawa Rais John F. Kennedy, ambaye aliwahi kuwa ofisa wa jeshi la majini na alikuwa shabiki wa damu wa timu hiyo. Ndiyo maana msimu huo hauwezi kuelezwa kwa orodha ya matokeo peke yake. Ni habari ya vijana wa miaka 20 na ushei waliotakiwa kushuka uwanjani nchi yao ikiwa matangani, wakashuka, na wakacheza mechi ambayo Wamarekani wanaizungumza hadi leo.

Chuo chenyewe kilizaliwa baada ya balaa. Zamani vijana waliotaka kuwa maofisa wa majini walifundishwa kazi melini, baharini, chini ya nahodha yeyote waliyepangiwa. Mwaka 1842, ndani ya meli ya mafunzo iliyoitwa Somers, watu watatu walinyongwa kwa tuhuma za kupanga uasi. Mmoja wao alikuwa Philip Spencer, kijana aliyekuwa akisomea uofisa, na baba yake alikuwa Waziri wa Vita. Kishindo cha tukio hilo kiliwapa nguvu waliokuwa wakidai kwamba maofisa wafundishwe nchi kavu, darasani, kwa utaratibu. Tarehe 10 Oktoba 1845 Waziri wa Jeshi la Majini, George Bancroft, akafungua shule katika ngome ya Fort Severn, pale mto Severn unapoingia kwenye ghuba ya Chesapeake. Walianza wanafunzi 50 na walimu 7. Ilipofika miaka ya 1960 chuo kilikuwa na maofisa wanafunzi wapatao 4,000, wote wakilala katika jengo moja kubwa mno lililopewa jina la yule waziri, Bancroft Hall.

Maisha ya humo yanafaa kujulikana kabla ya kuzungumzia mpira. Mchezaji wa Annapolis huamka na wenzake, hupiga gwaride na wenzake, hukaguliwa viatu na kitanda kama wenzake, kisha hukaa kwenye hesabu, uhandisi na elimu ya kuongoza meli. Mazoezi ya mpira huja baada ya hayo yote. Na akihitimu haendi kutafuta klabu ya kulipwa; analitumikia jeshi kwa miaka kadhaa. Vyuo vikuu vingine vya Marekani viliweza kumtafuta kijana mwenye mwili na mbio na kumpunguzia mengine. Annapolis ilimtafuta ofisa kwanza.

Futiboli ya Kimarekani iliingia rasmi katika utani wa vyuo viwili vya kijeshi tarehe 29 Novemba 1890, pale timu ya Annapolis ilipokwenda West Point, kwenye Chuo cha Jeshi la Nchi Kavu, na kushinda 24-0. Mwanafunzi aliyeunda timu ya West Point na kuhimiza mechi hiyo, Dennis Michie, aliuawa vitani Cuba mwaka 1898. Uwanja wa West Point una jina lake. Wanamaji wana mnyama wao wa bahati, beberu anayeitwa Bill, na wenzao wa nchi kavu wana nyumbu. Sisi tunaoijua Jumamosi ya Simba na Yanga hatuhitaji kuelezwa sana watani wa jadi ni nini: timu inaweza kuwa imepoteza kila kitu mwaka mzima, lakini ikimfunga mtani, mwaka umeokoka.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, mambo machache yanatosha. Kila upande una wachezaji 11, na uwanja una urefu wa yadi 100 kutoka mstari wa mwisho hadi mwingine. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikifaulu hupewa manne mengine, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho huitwa tachidauni na huleta alama 6, kisha kuna nafasi ya kuongeza alama 1 kwa kuupiga teke kati ya nguzo, au 2 kwa kuuvusha mstari mara ya pili. Anayeongoza mashambulizi ni kwotabeki. Yeye hupokea mpira na ndani ya sekunde tatu au nne anaamua: aurushe mbali, ampe mwenzake wa karibu, au akimbie nao mwenyewe. Saa ya mchezo huu inahesabu kurudi nyuma, husimama na kuanza tena kwa amri ya waamuzi, na ikisoma sifuri mambo yamekwisha. Saa hiyo ndiyo iliyoamua mechi tutakayoifikia.

Kwotabeki wa Annapolis mwaka 1963 alikuwa Roger Staubach, jezi namba 12, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Alizaliwa Cincinnati, Ohio, mwaka 1942, na kabla ya kuingia chuoni alipita mwaka mmoja katika shule ya kijeshi ya New Mexico mjini Roswell. Msimu wa 1962 aliuanza akiwa mchezaji wa akiba nyuma ya wenzake wawili. Siku ya mechi na Cornell kocha alimwingiza, timu ikashinda 41-0, na tangu hapo hakurudi benchi. Mwisho wa msimu huo aliwaongoza wanamaji kuifunga West Point 34-14, Kennedy akiwa uwanjani.

Watu walipenda namna yake ya kukataa kukamatwa. Mwongozo wa siku zile ulimtaka kwotabeki asimame nyuma ya walinzi wake, atulie na kurusha. Staubach, walinzi wakizidiwa, alikimbia kushoto, akarudi nyuma yadi 15 au 20, akageuka kulia, na watu watatu waliokuwa wakimfukuza wakajikuta wameshika hewa. Kisha, akiwa bado mbioni, aliurusha mpira kwa mtu ambaye kila mmoja alikuwa amekwisha msahau. Kocha mwingine angeyapiga marufuku mambo hayo. Wayne Hardin, kocha wa Annapolis tangu 1959, aliyapangia mbinu. Hardin alikuwa na miaka 37, alipenda michezo ya hila, na alikuwa amejijengea sifa moja iliyotosha kumlinda kazini: tangu ashike timu hakuwa amefungwa na West Point hata mara moja. Mwaka 1963 alikuwa akitafuta ushindi wa tano mfululizo dhidi ya mtani. Nahodha wake alikuwa Tom Lynch, kijana wa Ohio aliyecheza katikati ya safu ya mbele, na mkimbiaji wake tegemeo alikuwa Pat Donnelly, mtu wa nguvu ambaye hakuzungumzwa sana kwa sababu magazeti yote yalikuwa yakimwandika Staubach.

Msimu ulianza tarehe 21 Septemba kwa kuichapa West Virginia 51-7. William and Mary wakafuata, 28-0. Kisha wakasafiri hadi Ann Arbor na kuifunga Michigan 26-13, na hapo nchi nzima ikaanza kuwatazama.

Ijumaa usiku, tarehe 11 Oktoba, wakacheza Dallas na timu ya Southern Methodist. Hakuna aliyetarajia shida. Wenyeji walikuja na wakimbiaji wa mbio fupi ambao safu ya ulinzi ya Annapolis haikuweza kuwafikia, na uongozi wa mechi ukawa unapokezanwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Staubach aliteguka bega, akatolewa, akatibiwa, akarudi. Dakika za mwisho Southern Methodist walipata tachidauni ya kuongoza, wanamaji wakavuka uwanja kwa pasi za haraka, na pasi ya mwisho haikushikwa. Wakafungwa 32-28. Siku chache baadaye jarida la Time la tarehe 18 Oktoba likatoka na sura ya Staubach kwenye jalada, heshima ya ajabu kwa mtu aliyetoka kufungwa.

Timu nyingi huvunjika baada ya kipigo cha namna hiyo. Hii haikuvunjika, na kwa maoni yangu hapo ndipo nidhamu ya chuo ilipoonekana kuliko katika ushindi wowote mkubwa. Waliishinda Virginia Military Institute, chuo kingine cha kijeshi, 21-12, katika mechi ambayo hawakucheza vizuri. Wiki iliyofuata iliwajia Pittsburgh, timu iliyokuwa haijafungwa. Wanamaji waliifunga 24-12, na Pittsburgh haikufungwa tena na mtu yeyote mwaka ule. Tarehe 2 Novemba wakaenda kwa Notre Dame, timu yenye jina kubwa kuliko zote katika futiboli ya vyuo, na wakashinda 35-14. Wanafunzi wa Annapolis waliokuwa wakishangilia siku hiyo wasingeamini kama wangeambiwa kwamba chuo chao kitakutana na Notre Dame kila mwaka na hakitashinda tena mpaka mwaka 2007. Maryland walifungwa 42-7, Duke 38-25. Katikati ya Novemba timu ilikuwa nafasi ya pili nchini katika kura za waandishi wa habari, nyuma ya Texas peke yake. Iliyobaki ilikuwa mechi ya mtani, Jumamosi ya tarehe 30 Novemba, jijini Philadelphia.

Ijumaa, tarehe 22 Novemba, mchana, risasi zikalia Dallas.

Kwa Annapolis aliyeuawa hakuwa rais wa mbali. Kennedy aliongoza boti ya kivita PT-109 katika visiwa vya Solomon, na Agosti 1943 boti hiyo iligongwa na manowari ya Japani ikakatika vipande viwili. Aliogelea kwa saa nyingi akimvuta mwenzake aliyeungua. Alipokuwa rais alihudhuria mechi ya watani mwaka 1961 na 1962 na mara zote mbili alirusha sarafu ya kuanzia. Rais hutakiwa kukaa nusu ya mechi upande huu na nusu upande ule, naye alifuata desturi hiyo, lakini hakuna aliyekuwa na shaka moyo wake ulikaa wapi.

Na hapa Afrika Mashariki pia msiba ule uliingia majumbani. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ulilipia ndege za wanafunzi waliopelekwa Marekani kwa mpango wa Tom Mboya, na Julai 1963 Mwalimu Nyerere alikuwa amepokewa Ikulu ya Washington. Vijana wa Kenya na Tanganyika waliokuwa katika vyuo vya Marekani mwezi ule wa Novemba walisimama katika mabweni yale yale yaliyonyamaza, wakisikiliza redio zile zile. Wengi wao, wiki chache baadaye, walikuwa wakisherehekea kutoka mbali uhuru wa Zanzibar tarehe 10 Desemba na wa Kenya tarehe 12. Ulikuwa mwezi wa kilio na vigelegele kwa pamoja.

Maziko yalifanyika Jumatatu tarehe 25. Maofisa wanafunzi wa vyuo vya kijeshi waliandamana katika msafara, na siku iliyotangulia bendi ilipiga wimbo wa sala wa wanamaji jeneza lilipokuwa likibebwa kwenye ngazi za Bunge. Jarida la Life lilikuwa limekwisha andaa picha ya Staubach kwa jalada la toleo la tarehe 29 Novemba. Picha hiyo ikaondolewa na ya Kennedy ikawekwa. Mwishoni mwa mwezi huohuo Staubach alitangazwa mshindi wa tuzo ya Heisman, inayotolewa kila mwaka kwa mchezaji bora wa vyuo nchini. Ilikuwa ya pili kwa Annapolis, baada ya Joe Bellino mwaka 1960.

Mechi ya watani iliahirishwa. Walikuwepo walioona ifutwe kabisa, na hoja yao ilikuwa na uzito: nani apige tarumbeta na kuvuta nyumbu na beberu uwanjani wakati amiri jeshi mkuu hajatimiza hata wiki mbili kaburini? Familia ya Kennedy ndiyo iliyotaka mechi ichezwe. Tarehe ikapangwa 7 Desemba, na mechi ikatolewa kwa heshima ya marehemu. Naona familia ile ilielewa jambo ambalo wasimamizi wa michezo mara nyingi hawalielewi. Mwanajeshi mwenzao aliyeipenda mechi hii asingeenziwa kwa uwanja mtupu. Na vijana wale, ambao baada ya miaka michache wangekuwa wakiongoza watu vitani, walihitaji kujifunza kufanya kazi yao siku ambayo moyo haupo.

Uwanja wa Philadelphia ulijaa watu takriban 100,000. Shamrashamra za kawaida zilipunguzwa, wakasimama kimya kumkumbuka rais, kisha mpira ukapigwa.

West Point hawakuja kuombolezea msimu wao. Kocha wao, Paul Dietzel, alikuwa na kwotabeki wa mwaka wa tatu aitwaye Rollie Stichweh, kijana wa New York ambaye hakuwa kwenye jalada lolote. Alishambulia na alilinda, maana kanuni za siku zile zilibana ubadilishaji wa wachezaji, na mwenye uwezo alicheza pande zote. Mara ya kwanza West Point kushika mpira, Stichweh aliwapeleka hadi mwisho wa uwanja na kuingia mwenyewe. 7-0. Mpango wao ulikuwa rahisi na wa busara: kaa na mpira muda mrefu, sogea kidogo kidogo, kula saa, mwache Staubach pembeni mikono mitupu. Aliyetazama kwa makini aliona kwamba mshindi wa Heisman alikuwa akitumia sehemu kubwa ya alasiri akiwa mtazamaji.

Aliyeokoa jahazi alikuwa Donnelly. Alisawazisha kabla ya mapumziko, 7-7. Akafunga tena katika robo ya tatu. Akafunga tena katika robo ya mwisho, tachidauni yake ya tatu siku hiyo, na wanamaji wakaongoza 21-7. Ushindi wa tano mfululizo ukaonekana umefika.

Stichweh alikuwa bado. Zikiwa zimebaki kama dakika 6 aliwavusha wenzake uwanja mzima, akaingia na mpira mwenyewe kutoka yadi moja, na badala ya kuchukua alama moja ya teke wakaamua kutafuta mbili. Akaingia tena mwenyewe. 21-15.

Dakika hiyohiyo jambo jingine lilitokea ambalo watu waliokuwa uwanjani hawakuliona, na waliokuwa majumbani karibu wadhani wamepotewa na akili. Ndani ya gari la matangazo la kituo cha CBS alikuwemo mwongozaji kijana, Tony Verna. Alikuwa ameleta mashine ya kurekodia kutoka New York, dubwana lenye uzito unaozidi kilo 500, akitaka kurudisha tukio na kulionyesha upya mara tu baada ya kutokea. Kabla ya hapo marudio yalihitaji muda mrefu wa kuandaa mkanda. Verna alibuni njia ya kuweka milio kwenye mkanda ili ajue pa kusimamisha, na siku nzima mashine ilimwangusha: picha zilitetemeka, au kipande cha kipindi cha zamani kilichokuwa kwenye mkanda kikachomoza. Mpaka Stichweh alipofunga. Safari hii mkanda ulikaa sawa, na watazamaji wakamwona Stichweh akivuka mstari mara ya pili. Mtangazaji, Lindsey Nelson, ilimbidi apaze sauti kuwaeleza kwamba kile si kitendo kipya na kwamba West Point hawakufunga tena. Kila marudio tunayoyatazama leo, ya goli la Kombe la Dunia au la ligi yetu ya nyumbani, yanatokana na alasiri ile. Jina la Verna, aliyefariki mwaka 2015, halijulikani inavyostahili.

West Point wakapiga mpira mfupi wa kuanzia, hila ya timu iliyokata tamaa, na aliyeurukia na kuukumbatia alikuwa Stichweh mwenyewe. Wakaanza kushuka. Yadi kumi, yadi kumi nyingine. Tachidauni moja na teke moja vingewapa ushindi wa 22-21. Walipokaribia mstari, uwanja ulikuwa umelipuka kwa kelele kiasi kwamba wachezaji wa West Point hawakusikia amri za kwotabeki wao. Stichweh alimgeukia mwamuzi na kuinua mikono kuomba msaada. Mwamuzi akasimamisha saa. Wakajipanga upya. Saa ikaanzishwa tena, kelele zikarudi zilezile, Stichweh akaomba tena. West Point hawakuwa na haki ya kusimamisha mchezo iliyobaki. Walikuwa wamezitumia zote. Wakiwa jaribio la nne, yadi mbili kutoka mstari wa ushindi, wakikusanyika kupeana mpango kwa kudhani saa imesimama, saa ilikuwa ikienda. Ikafika sifuri. Mpira ukabaki chini pale ulipokuwa, na umati ukamwagika uwanjani.

Nimesoma watu wakibishana kama mwamuzi alikosea. Kanuni zilimruhusu kuanzisha saa, na timu iliyotumia haki zake zote haina cha kumdai. Lakini wanamaji wenyewe hawakuwahi kusema kwamba waliwazuia West Point katika yadi mbili zile, kwa sababu hakuna aliyejaribiwa pale. Stichweh hakutafuta visingizio. Mwaka uliofuata aliiongoza timu yake kuishinda Annapolis 11-8, akakata mlolongo wa vipigo vitano, na baadaye yeye na Staubach wakawa marafiki. Ninamweka Stichweh katika historia hii ya Annapolis kwa makusudi. Chuo kilicholelewa na mtani wa namna hiyo kinadaiwa naye shukrani.

Baada ya hapo ilibaki Dallas. Tarehe 1 Januari 1964, siku 40 baada ya mauaji, wanamaji waliingia Cotton Bowl kukutana na Texas, timu ya kwanza nchini dhidi ya timu ya pili. Kwetu siku hiyo ingekuwa ya arobaini, siku ya kusoma dua na kuondoa tanga. Pale ilichezwa futiboli, na wanamaji hawakuwa na lao. Kabla ya mechi Hardin alisema kwenye televisheni kwamba bingwa akishindwa na mpinzani wake, mpinzani ndiye bingwa mpya. Kocha wa Texas, Darrell Royal, alijibu kwa ufupi kwamba wao wako tayari. Walikuwa tayari kweli. Duke Carlisle aliwarushia wanamaji pasi mbili ndefu za tachidauni zilizoshikwa na Phil Harris, wakati walinzi wa Annapolis walikuwa wamejiandaa kwa timu ya kukimbia. Staubach alirusha pasi na kupata yadi 228, rekodi ya Cotton Bowl kwa wakati huo, lakini kila alipotaka kukimbia alikuta ukuta. Texas 28, Annapolis 6. Taji lilikwenda panapostahili.

Hardin aliondoka baada ya msimu wa 1964. Lynch alipanda ngazi za jeshi hadi kuwa admirali, na mwaka 1991 alirudi Annapolis kuwa mkuu wa chuo kile kile alichokuwa nahodha wa timu yake. Staubach, kwa sababu macho yake hayakutofautisha vizuri baadhi ya rangi, hakuweza kupangiwa kazi ya kuongoza meli. Alipelekwa idara ya ugavi na akahudumu Chu Lai, Vietnam. Stichweh naye alikwenda Vietnam na brigedi ya 173 ya askari wa miavuli. Staubach alimaliza utumishi wake mwaka 1969, akajiunga na klabu ya kulipwa ya Dallas Cowboys, akatwaa nayo mara mbili taji la klabu za kulipwa, Super Bowl. Jiji lililomwonjesha vipigo viwili katika msimu mmoja likawa nyumbani kwake.

Kuna upande mwingine wa picha za timu ile ambao msomaji wa Kiafrika atauona mara moja. Chuo kilimhitimisha ofisa wake wa kwanza Mweusi, Wesley Brown, mwaka 1949, zaidi ya miaka mia moja baada ya kufunguliwa. Calvin Huey, mtoto wa Mississippi, alikuja kuwa mchezaji wa kwanza Mweusi wa timu ya futiboli ya Annapolis baada ya msimu huu tunaousimulia. Wanawake waliruhusiwa kujiunga mwaka 1976. Sifa ya mwaka 1963 ni ya kweli, na ni kweli pia kwamba mlango wa kuifikia ulikuwa mwembamba.

Kwa nini timu ya namna hiyo haikurudi tena Annapolis? Vita vya Vietnam vilikolea, na mzazi mwenye kijana hodari wa mpira akawa na sababu nzito ya kumshauri asiende chuo cha kijeshi. Wakati huohuo klabu za kulipwa zilianza kumimina fedha, na miaka ya utumishi jeshini ikawa gharama ambayo wachache walikubali kuilipa. Staubach mwenyewe alichaguliwa na Dallas akiwa bado chuoni, katika raundi ya 10, kwa sababu klabu nyingine hazikutaka kumsubiri. Annapolis haikubadili masharti yake ili kushindana, na ilifanya sawa. Kazi yake ni maofisa.

Uwanja wa Philadelphia ulipewa jina la John F. Kennedy mwaka 1964. Ndipo hapo, Julai 1985, lilipofanyika tamasha la Live Aid upande wa Marekani, la kuchangia waliokuwa wakifa njaa Ethiopia. Ulibomolewa mwaka 1992. Tangu msimu ule wa 1963 hakuna chuo cha kijeshi cha Marekani kilichomaliza msimu wa futiboli katika nafasi ya pili au ya kwanza, na hakuna mwanafunzi wa chuo chochote cha kijeshi aliyetwaa tena tuzo ya Heisman.